Tisa Kati ya Arobaini

Kanuni ya kwanza ya upimaji ni hii: masikio yote sandukuni. Nilichomoa sikizi langu, kidude ambacho hakizidi punje ya choroko, nikalifuta kwa ncha ya kanga na kuliweka kwenye sanduku la bati. Obedi Mgaya, msikilizaji wangu, akaweka lake. Raya, binti aliyetupokea, akaweka la kwake huku ameshika kiuno, maana mimba yake ilikuwa ya miezi minane na kiti cha darasa la pili hakikumfaa. Bibi yake hakuwa na cha kuweka. Bi Mwaka Faki alikuwa na miaka sabini na minane, na sikioni mwake hakijaingia kitu zaidi ya vipuli vya fedha.

Bila sikizi dunia ina kelele mbaya. Kuku, bati linalogongana na upepo, na Obedi anayepumua kwa mdomo. Nimekivaa kile kidude miaka thelathini na moja, na kila nikikivua najiona nipo uchi mbele za watu. Lakini kupima lazima usikie kitu chenyewe, si kile unacholetewa.

"Mama Mkude, nipo tayari," akasema Obedi.

Mizani, mashine yetu ya kupimia, ilisimama pembeni kwa miguu yake mitatu, jicho lake moja likitazama meza. Juu ya meza kulikuwa na vijiti, vipande vya matumbawe, mchanga na makuti. Wakerenge, watu wa kisiwa hiki, ni wachoma chokaa toka enzi na enzi, kwa hiyo kazi ya Bi Mwaka ilikuwa kumwelekeza Obedi ajenge tanu dogo la chokaa, kwa mdomo tu, kwa Kikerenge tu, mikono yake ikiwa imefunikwa isije ikaonyesha. Hatua arobaini. Obedi ni mtu wa Njombe, hajawahi kuona tanu wala kukanyaga kisiwa chochote, na ndiyo sababu nilimleta. Akipatia hatua ishirini na nane au zaidi, Kikerenge ni lahaja ya Kiswahili. Chini ya hapo, ni lugha. Usiniulize kwa nini ishirini na nane. Mimi mwenyewe nimewauliza wakubwa miaka kumi na tisa na sijajibiwa.

"Bibi, anza," nikasema.

Bi Mwaka akaanza, na jamani, maneno yalimwagika! Nilidaka "moto" na "mwanangu", mengine yote yakanipita. Obedi akakaa na kijiti mkononi, jasho likimtoka puani. Mizani ikahesabu: hatua ya kwanza, amekosa. Ya pili, amekosa. Ya tatu, amekosa. Moyoni nikafurahi. Mpimaji hatakiwi kufurahi wala kununa, lakini mimi sina moyo wa mbao.

Kisha Bi Mwaka akamtazama Obedi usoni. Alipofungua mdomo tena, maneno yalikuwa yamebadilika. Yalikuja polepole, yamepunguzwa makali, moja moja, na kila moja likiwa limesogea upande wetu. Obedi akainua jiwe. Bi Mwaka akatabasamu. Obedi akachukua kuti, akaliweka mahali pake, na yule bibi akaitikia kwa kichwa kama mwalimu wa chekechea.

Nilitaka kupiga kelele. Bibi, usimsaidie! Lakini kanuni ya tatu inasema mpimaji hamfundishi msemaji, na jicho la Mizani lilikuwa linaniona na mimi. Nikauma mdomo.

"Thelathini na moja kati ya arobaini," ikasema Mizani. "Lahaja. Majaribio mawili yamebaki."

Raya akapiga makofi. Bibi yake akampa Obedi mkono wa pongezi, akadhani mgeni ndiye aliyekuwa anapimwa.

La pili lilikuwa vilevile. Thelathini na tatu.

*

Tulipumzika kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Kisiwa kizima kilikuwa kimya. Ilikuwa siku ya kuchoma, na siku ya kuchoma kila mwenye miguu yuko tanuni upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa nzima kwa mguu, na haondoki mtu mpaka moto ushike mawe. Pale shuleni tulibaki wanne.

"Bibi," nikamwambia Bi Mwaka, "mbona unasema vingine ukimwona Obedi amekwama?"

Alinielewa vizuri sana. Ndivyo walivyo Wakerenge: wao wanatuelewa sisi, sisi hatuwaelewi wao. Akacheka, akanijibu kwa ile sauti yake ya kusogeasogea.

"Mgeni akija, wampokea mzigo," akasema. "Sisi twampokea na neno. Waachaje mtu kakaa mbele yako kapotea? Ni aibu hiyo, mwanangu. Hata mbwa haachwi."

Basi hapo nikaona jinsi tulivyokwisha. Kisiwa kizima kimelelewa hivyo. Ningempima nani? Kila Mkerenge ambaye ningemkalisha kwenye kile kiti angeiua lugha yake kwa adabu.

Na kuua ndiko kwenyewe, sitafuti neno la kupamba. Sikizi likikutana na lugha, linakutafsiria, na nyuma ya tafsiri unamsikia mtu mwenyewe, na sauti yake na maneno yake. Likikutana na lahaja, halitafsiri. Linasawazisha. Mtu anasema anavyosema, wewe unaletewa Kiswahili sanifu kwa sauti ya yule mwanamke mtangazaji, na cha mtu mwenyewe hukisikii kabisa. Mama mkwe wangu alitoka kwenye kijiji ambacho kilipimwa kikawa lahaja. Niliishi naye miaka saba. Nilimzika bila kuijua sauti yake, na nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa kifo. Sasa watoto wanavishwa sikizi siku ya saba, na hawalivui mpaka wanazikwa nalo.

"Jaribio la tatu tunalibadilisha," nikasema. "Kanuni ya kumi na saba inaruhusu wasemaji wawili. Raya, wewe ukae na bibi yako mzungumze nyinyi kwa nyinyi. Bibi akuelekeze wewe kujenga tanu. Obedi atakaa nyuma ya ubao asikilize, naye ajenge la kwake kwa anachokisikia."

Raya akanikazia macho. Alikuwa amesoma bara, mjanja, na alinisoma haraka kuliko nilivyopenda.

"Unataka tushindwe," akasema.

"Nataka nipime."

"Haya, pima." Akajisugua paji la uso. "Kichwa kinanigonga tangu juzi. Tufanye haraka."

Wakazungumza. Nisikilizeni, nimepima vijiji arobaini na kitu, sijawahi kusikia vile. Bi Mwaka hakuwa na mgeni wa kumhurumia, kwa hiyo alisema kama anavyosema. Alimtania mjukuu wake, alimgombeza, alicheka katikati ya neno, Raya akajibu mapigo, wakashindana, na tanu likajengeka mikononi mwa Raya bila jiwe kukosea. Nyuma ya ubao Obedi alikuwa amekaa na rundo la vijiti, amekodoa macho.

"Tisa kati ya arobaini," ikasema Mizani. "Lugha. Majaribio yamepingana. Mpimaji achague jaribio la kusainiwa."

Watu walewale, maneno yaleyale, asubuhi moja. Thelathini na moja au tisa, kutegemea kama bibi anamwona mgeni usoni au hamwoni. Hicho ndicho kipimo chetu tulichotembea nacho nchi nzima.

"Sisi Wabena na Wahehe," akasema Obedi akitoka nyuma ya ubao, "tukigombania mpaka wa shamba tunaelewana mpaka tusi la mwisho. Lakini mwambie Mbena kwamba anasema Kihehe, uone kama hutatafuta meno yako chini."

"Na nani kasema sisi ndio lahaja yenu?" akadakia Bi Mwaka. "Kwa nini nyinyi msiwe yetu?"

Nilicheka. Raya hakucheka.

"Saini thelathini na moja," akaniambia.

"Raya, ukweli ni tisa. Umeusikia mwenyewe."

"Nimeusikia. Na mama yangu je, alisikiwa na nani?" Akajisugua tena paji la uso. "Mama alipelekwa bara ana uchungu wa kumzaa mdogo wangu. Kikerenge hakijapangwa kuwa lugha wala lahaja, na kisichopangwa sikizi linakikata, hata simu haikipitishi. Alikuwa anapiga kelele na wauguzi wanaona mdomo tu unafunguka na kufunga. Walimwandikia mkalimani. Mkalimani alifika siku ya pili, akakuta kitanda kimetandikwa. Sasa wewe unataka tuwe lugha, ili tungoje siku arobaini chumba cha tafsiri kijengwe kwenye mtambo, tukiwa kwenye foleni ya wakalimani tena? Mimi nataka nikisema 'naumwa' nisikike hapohapo. Nisikike kwa sauti ya nani, hilo halinihusu."

"Litamhusu mwanao. Hatamsikia bibi yako hata siku moja."

"Atakuwa hai!"

Bi Mwaka alitutazama mmoja baada ya mwingine. Sina hakika kama alielewa habari ya chumba na mtambo, lakini habari ya mwanawe aliyekufa aliielewa. Akamshika Raya bega. Raya akamgeukia ajibu, akafungua mdomo, na macho yake yakapanda juu yakabaki meupe.

Kisha akaanguka.

*

Kifafa cha mimba. Nilikijua kwa sababu dada yangu alikipata. Mwili ulikakamaa, miguu ikapiga meza, matanu yote mawili yakamwagika sakafuni. Obedi alimgeuza ubavu. Alipotulia hakuamka, alikuwa anakoroma tu, povu mdomoni.

Zahanati ya Kerenge iko mita hamsini kutoka shuleni, na haina mganga. Ina kitanda, kabati la dawa, kioo cha daktari wa mbali, na mkono wa chuma unaochoma sindano kwa amri ya daktari. Tulimbeba Raya juu ya meza ileile kama machela. Bi Mwaka alikimbia mbele yetu, miaka sabini na minane ile, akatufungulia mlango. Obedi alirudi mbio kuleta sanduku, nikachomeka sikizi langu. Kioo kikawaka, akatokea daktari kijana, Dokta Nyambo, ana kikombe mkononi. Alipomwona Raya akakitupa kikombe.

"Ana wiki ngapi?"

"Miezi minane. Kichwa kinamuuma tangu juzi. Ameanguka sasa hivi."

"Ndege ya wagonjwa inaondoka huku, dakika arobaini iko hapo. Lazima nimpe dawa ya kuzuia kifafa sasa. Lakini nisikilize vizuri, mama." Alikuwa anasema haraka lakini kila neno nililisikia. "Dawa hii inatolewa mwilini na figo. Kama figo zinafanya kazi nampa dozi kamili. Kama zimelegea, dozi kamili itamsimamisha pumzi, na hapo hakuna mtu wa kumpumulia. Nikimpa kidogo na figo ni nzima, kifafa kitarudi kimuue yeye na mtoto. Mkojo wake ukoje? Amewahi kuumwa figo? Nani anaishi naye?"

"Bibi yake."

"Muulize!"

Nikamgeukia Bi Mwaka. "Bibi, mkojo. Raya anakojoa? Ana ugonjwa wowote wa zamani?"

Alinielewa. Mdomo wake ukafunguka, na sikioni mwangu pakawa kimya. Nikaling'oa sikizi kwa kucha. Maneno yakaja yote, kwa kasi ileile niliyoisikia kwenye jaribio la tatu, na zaidi, maana sasa yalichanganyika na kilio. Alinishika mikono miwili akinimwagia maneno, na mimi sikuambulia kitu.

"Polepole, bibi. Nakuomba. Nitazame usoni. Mimi mgeni wako, nipokee."

Akanitazama. Nakuapia alijaribu. Nilimwona anajaribu, midomo inatafuta njia ya kuja upande wetu, lakini adabu inahitaji moyo uliotulia, na moyo wake ulikuwa pale mezani na mjukuu wake. Akarudia yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi. Nikaonyesha kwa mikono. Akatikisa kichwa, kisha akakiinamisha, kisha akatikisa tena, na sikujua ndiyo yake ni ipi.

"Obedi!"

"Sishiki kitu, Mama Mkude. 'Jana' nimelisikia. Jana kitu gani, sijui."

"Mbona simsikii huyo bibi?" akauliza daktari. "Naona mdomo tu."

Nikampigia simu Mkurugenzi Kashaija, mkubwa wetu wa upimaji. Ana tabia ya kupokea simu kwa kukohoa. Nilimweleza kwa sentensi tatu, nikamwomba afungue Kikerenge kwa dharura, hata kwa nusu saa.

"Leokadia, hakuna mlango wa tatu," akasema. "Ukisaini lahaja, kinasawazishwa papo hapo. Ukisaini lugha, tunaijengea chumba, siku arobaini. Kisichopangwa hakipiti. Sikuitunga mimi."

"Na nikisaini lahaja, baadaye tunaweza kurekebisha?"

Akakohoa. "Maneno yakishayeyushwa kwenye Kiswahili, nani atayatenga? Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi imeingia."

Obedi alikuwa ameshaileta Mizani, ameibeba begani na miguu yake mitatu inaning'inia. Akaitua sakafuni. Nilimtazama Raya. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Mama, kifafa kinarudi," akasema daktari. "Naona vidole vyake. Nipe jibu au nibahatishe."

Watu wataniambia lilikuwa jambo rahisi, roho mbili mbele ya maneno. Waseme. Nilimwona pia Bi Mwaka, amepiga magoti, amemshika mjukuu wake mguu, anaendelea kusema bila kukoma na hakuna hata kiumbe mmoja duniani anayemsikia isipokuwa mimi na Obedi, na sisi hatuelewi. Nilijua ninachotaka kumchukulia. Na sikumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningemwuliza, angenielewa, na ninaamini angesema ndiyo. Sikumwuliza.

"Jaribio la kwanza," nikaiambia Mizani. "Thelathini na moja." Nikabonyeza kidole gumba.

"Msikilizaji athibitishe," ikasema Mizani.

Obedi alisita. "Mama Mkude, mimi nimeelewa tisa."

"Najua, Obedi."

"Basi na wewe ujue kwamba nilijua." Akabonyeza.

"Kikerenge ni lahaja ya Kiswahili," ikasema Mizani. "Hongereni."

Nikachomeka sikizi. Pale chini Bi Mwaka alikuwa bado anasema na kulia, kamasi zinamtoka, na sikioni mwangu mwanamke mtangazaji akaniambia kwa utulivu, kama anasoma hali ya hewa: "Hajakojoa tangu jana mchana. Alipokuwa na miaka sita alivimba uso na miguu, wakasema ni figo, akalazwa miezi miwili. Nimewaambia mara kumi. Hajakojoa tangu jana mchana."

"Nimesikia!" akapiga kelele daktari. "Nusu dozi. Nusu! Msogeze mkono wake."

Mkono wa chuma ukashuka. Vidole vya Raya, vilivyokuwa vimeanza kucheza, vikatulia kimoja kimoja. Alipumua. Tulihesabu pumzi zake mimi na Obedi mpaka ndege ilipotua uwanjani na kuwarusha kuku wote wa Kerenge. Bara walimpasua saa nane mchana. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Nililia kwa furaha mbele ya rubani wala sikuona haya.

*

Siku ya tisa walimrudisha Raya kisiwani, na mimi nikaenda kumwona mtoto. Alikuwa amevishwa sikizi siku ya saba, hospitalini, kama wenzake wote. Raya alikuwa dhaifu lakini anacheka. Alinikumbatia shingoni, akaniita mama, akasema mtoto ataitwa Leoka, jina gani hilo kwa Mkerenge, lakini ataitwa hivyohivyo. Nilimbeba nikamnusa kichwa. Nilikuwa na furaha, siwezi kukana.

Bi Mwaka alinisindikiza nje. Tulisimama kivulini, ukutani pa nyumba. Akaanza kusema, na mwanamke wa sikioni akaniletea:

"Mjukuu wangu anapumua kwa sababu yako. Kila nikisali nitakutaja."

"Ahsante, bibi," nikasema.

Alinitazama usoni kama alivyozoea kumtazama mgeni, akitafuta mahali nilipokwama. Kisha akasema tena, mara hii mishipa ya shingo ikamtoka na mkono ukapiga hewa, na nilichosikia kilikuwa kilaini, kimenyooka:

"Sasa ninasema kwa maneno ya tanuni, ya wazee waliokufa. Hata Raya hayajui yote. Haya hupaswi kuyajua wewe. Unayajua?"

Nilipaswa kukunja uso. Nilipaswa angalau kuchelewa. "Nimekuelewa, bibi," nikasema.

Uso wake ukabadilika, na sikuwahi kuona mtu akiumia vile bila kuguswa.

"Hukukwama popote," akasema. "Hata jicho hukulipepesa. Kuna mtu humo ndani ananijibia." Akageuza kichwa kuelekea dirishani, ambako Raya alikuwa anambembeleza mtoto. "Na yule nimemwimbia tangu asubuhi. Ameniitika, amenishika kidole. Kumbe anaimbiwa na huyohuyo?"

Sikuwa na uongo wa kumpa. "Ndiyo, bibi."

Alikaribia mpaka nikasikia harufu ya chokaa kwenye kanga yake. Alisema kwa meno yaliyobana, machozi yanamshuka, na yule mwanamke akanisomea kwa sauti yake nzuri:

"Mwambie anyamaze. Mimi ninaongea."

Nikalichomoa sikizi, nikalifumba kiganjani. Bi Mwaka akaendelea. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti yake iliyokwaruzika, nene, yenye kicheko cha uchungu katikati, na hakunipokea neno hata moja. Sikuelewa chochote. Nilisimama pale mpaka alipomaliza.